Mwalimu wa Malisho Anajibu: Jani limekauka, mti uko hai

Shikamoo Mwalimu. Malisho yangu yamevamiwa na mathenge, ile miti ya miiba. Mwaka jana, kiangazi kilipoanza na miti ikianza kupukutisha majani, niliipulizia glifoseti, dawa ya kuua magugu. Nilizidisha kipimo makusudi ili iue sawasawa. Siku chache baadaye kila kitu kilikauka, nikashukuru. Mvua ziliponyesha, kila shina likatoa machipukizi manne au matano, na nyasi zilizokuwa chini yake hazikurudi. Je, niliuziwa dawa feki? — *Mfugaji aliyechoka na miiba*

Marahaba, mwanangu. Sidhani kama ni feki. Dawa feki isingeua nyasi zako.

Kosa lako nalijua kwa sababu nami nililifanya, mwaka wangu wa kwanza wa kubeba bomba mgongoni. Nilipulizia kichaka kizima wakati wa jua kali, na mwenye shamba aliponisifu nikaondoka nimefurahi. Niliporudi baada ya mvua, palipokuwa na shina moja nilikuta fimbo sita. Yule mzee hakunigombeza. Alinionyesha tu kwa kidole. Tangu siku hiyo sitazami jani kwanza. Natazama shingo ya mti, pale shina linapoingia ardhini, maana vitumba vya mathenge, yaani macho yanayochipua, vimejificha hapo na chini kidogo ya udongo. Usipoviua hivyo, umeupogoa mti tu.

Dawa za aina hii haziendi mizizini zenyewe. Zinabebwa na chakula ambacho jani limetengeneza na kukituma chini. Mti wenye kiu umefunga vinyweleo vyake na nta ya jani imekuwa ngumu, kwa hiyo dawa haiingii vizuri, na ikiingia haina wa kuibeba. Kuzidisha kipimo nako kunaharibu: jani linaungua kabla halijapeleka kitu chini. Ni sawa na kumuua tarishi mlangoni kisha ukasubiri barua ifike.

Sasa ufanye nini? Hayo machipukizi usiyaguse kwa haraka. Mzizi ni mkubwa na majani bado ni machache, hayawezi kubeba dawa ya kuutosha. Subiri mvua zikolee, yafunguke, yawe mabichi na mengi, yakufikie kiunoni hivi. Hapo ndipo unapulizia, na safari hii chagua dawa inayobagua, kwa mfano yenye triklopiri, ambayo inaua miti na mimea ya majani mapana ikaziacha nyasi zilizokomaa. Glifoseti haibagui. Lowesha majani yote pande zote, uache kabla hayajaanza kuchuruzika. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, na uhakikishe lebo inautaja mti wako na inaruhusu matumizi kwenye malisho.

Mti uliokupita kimo usiupulizie juu. Utahangaika, upepo utapeleka dawa kwa jirani, na wewe mwenyewe itakurudia usoni. Kwa mashina membamba, yasiyozidi unene wa sentimita 5 hivi, mimi napenda kupaka gome: triklopiri ile inayoyeyuka kwenye mafuta inachanganywa na dizeli kama lebo inavyosema, kisha unalowesha shina kuanzia ardhini hadi sentimita 30 au 40, mzunguko mzima. Ukiacha upande mmoja mkavu, mti utaponea upande huo. Gome liwe kavu, na matope uyafute kwanza. Ikiwa shina limegawanyika mara tano, zote tano upake.

Mashina manene yakate karibu kabisa na ardhi, upake kisiki papo hapo. Nasema papo hapo kwa maana ya sekunde. Mmoja akate, mwenzake awe amechutama na dawa mkononi, kwa sababu jeraha la mti huanza kujifunga mara tu msumeno unapotoka. Futa unga wa mbao, na dawa uielekeze kwenye pete ya nje iliyo chini ya gome. Moyo wa mti ni mfu, hauchukui kitu. Tia rangi kwenye mchanganyiko ili ujue umepaka kipi. Nimeona watu wakipaka kisiki kimoja mara tatu na kuruka kumi.

Hata ukiiua miti yote, mbegu zimelala udongoni na zinaweza kungoja miaka mingi. Ng'ombe na mbuzi hula yale maganda matamu, na mbegu hutoka kwenye kinyesi zikiwa nzima, tena tayari kuota. Wanyama waliokula maganda wazuie zizini wiki nzima kabla ya kuwaingiza eneo safi. Pale nyasi zilipokufa pandikiza nyasi, upapumzishe. Kila mwaka pita tena kwa miguu uwahi miche ikiwa midogo. Hii kazi ya kurudi ndiyo watu wanayoiacha, na inaniuma kuona fedha ya mtu ikipotea hivyo.

Mwalimu, nimepuliza vichaka vyangu vya lantana kwa dawa ya magugu yenye pikloramu. Ng'ombe waingie lini? Na samadi yao naweza kuiweka bustanini? — *Mama wa mboga na maziwa*

Mama, wazuie kwanza. Siku za kungoja zimeandikwa kwenye lebo, na kwa ng'ombe wa maziwa huweza kuwa nyingi kuliko kwa wengine. Ila kwa lantana usihesabu siku za lebo peke yake. Mmea huu una sumu inayoharibu ini na kumfanya mnyama aungue ngozi kwa jua, na mimea yenye sumu ikinyauka kwa dawa huweza kumvutia mnyama ambaye jana aliikwepa. Ngoja ikauke kabisa.

Samadi usiiweke bustanini. Pikloramu hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuvunjika, ikatoka kwenye mkojo na kinyesi, na nyanya, maharage na viazi huumizwa na kiasi kidogo sana. Irudishe kwenye nyasi. Ukiwa na shaka na lundo la zamani, jaza kopo kwa samadi na udongo, panda maharage, na kopo jingine lisilo na samadi uliweke kando. Baada ya wiki mbili tatu, majani yakijikunja kama kikombe kwenye lile la samadi tu, umepata jibu.

Mzee mmoja ameniambia dawa za vichaka ni ile sumu ya vita vya Vietnam. Kweli? — *Kijana mchungaji*

Mjukuu wangu, mzee hakukosea kabisa. Sumu ile, iliyoitwa Agent Orange, ilikuwa mchanganyiko wa dawa mbili za kuua mimea, 2,4-D na 2,4,5-T. Hiyo ya pili ilitumika sana pia kuua vichaka kwenye malisho, na ilibeba uchafu wa dioksini, sumu kali iliyotokea wakati wa kuitengeneza. Marekani iliifuta kabisa hiyo 2,4,5-T mwaka 1985. 2,4-D bado inauzwa, na triklopiri ni dawa nyingine. Hata hivyo vaa glavu, buti, ovaroli na miwani, hasa unapopima dawa kabla ya kuichanganya, maana hapo ndipo ilipo kali zaidi. Usipulizie karibu na maji wanayokunywa watu au mifugo. Kopo likiisha lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia uyamimine kwenye bomba uyapulizie, kisha ulitoboe asije mtu akalichotea maji.