Maswali Yenu: Kasisi Anayetaka Kuongoza Chuo cha Teolojia

Swali: Mimi ni shemasi wa Kanisa Anglikana, nina stashahada ya teolojia. Natamani kufundisha na siku moja niongoze chuo. Nianzie wapi? – *Shemasi, Korogwe*

Jibu: Maliza ushemasi kwanza. Kitabu cha Sala cha 1662 kinataka shemasi awe ametimiza miaka 23 na kasisi 24, na kwa kawaida ushemasi uchukue mwaka mzima. (Kwenu mtasema padri, Dodoma watasema mchungaji, daraja ni lile lile.)

Halafu kaa parishini miaka mitatu hadi mitano. Mwalimu wa uchungaji ambaye hajawahi kuzika wala kusuluhisha wazee wa kanisa waliogombana, wanafunzi humgundua wiki ya kwanza. Ndipo utafute shahada. Uzamili ni kama miaka miwili. Uzamivu mitatu au minne, na zaidi ukiwa unafundisha huku unasoma. Wengi hukwama kwenye ruhusa: barua ya ufadhili imefika, askofu hana habari. Umemwapia utii, kwa hiyo mwandikie kabla hujaomba popote.

Chuoni, ukipewa nafasi ya kusimamia taaluma, ikubali hata kama haina heshima kubwa. Ratiba, mitihani na makaratasi ya NACTVET (baraza la serikali ya Tanzania linalosimamia vyuo vya kati) utayajulia hapo.

Swali: Mbali na ibada na vipindi, mkuu wa chuo anafanya nini kutwa? – *Mzee wa kanisa, Mombasa*

Jibu: Anahesabu magunia. Chukua wanafunzi 60 wa bweni, kila mmoja nusu kilo ya unga kwa siku, mchana na jioni. Hizo ni kilo 30 kila siku. Muhula wa wiki 15 ni kilo 3,150, yaani magunia 32 ya kilo mia mia, kabla ya maharage na kuni. Hiyo ni dona. Ukikoboa, ongeza, kwa kuwa pumba hailiwi bwenini. Asiyenunua mara baada ya mavuno atanunua kwa bei ya njaa, na dayosisi zilizoleta wanafunzi na nusu ada hazitamsaidia. Hapo ndipo hela ya mfadhili iliyotolewa kwa ajili ya vitabu huanza "kukopwa" ili kununua unga. Ifungulie akaunti yake, yenye watia saini wawili.

Jambo la pili ni matokeo. Mwanafunzi ameshindwa mtihani, askofu wake anapiga simu: tarehe ya kuwekewa mikono imeshatangazwa. Kinga ni moja: alama zipitishwe na kikao cha walimu na kusainiwa kabla hazijatoka nje. Mkuu akijibu simu hiyo, awe anasoma muhtasari, asiwe anajadiliana.

Swali: Je, mkuu wa chuo akitoka hapo anaenda wapi? – *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Wengine hurudi parishini, wengine huwa maaskofu. Kule Canterbury, kiti cha askofu mkuu wa Kanisa Anglikana la Uingereza, Coggan, Runcie na Carey, maaskofu wakuu watatu waliofuatana kuanzia 1974, wote walikuwa wamewahi kuongoza vyuo vya teolojia. Kuna pia chuo chenyewe kukua: shule ya makasisi iliyoanza Frere Town, Mombasa, 1903, ilihamia Limuru 1930, na tangu 2007 ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Hapo kiongozi anajibu kwa baraza la chuo kikuu na kwa serikali, na shahada ya uzamivu haikwepeki tena.