Jibu kwa mwenye iafoni za omu 16: hiyo ampu ya miliwati 500 iache dukani

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una iafoni (zile spika ndogo za kuchomeka masikioni) za omu 16, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, boksi limeandika desibeli 112 kwa miliwati moja, simu mpya haina tundu la jeki, na muuzaji anakushauri uchukue ampu (kikuza sauti) ya mfukoni ya miliwati 500 "ili zifunguke". Mimi niliambiwa neno hilohilo miaka minne iliyopita. Nikatoa laki mbili na themanini, nikajuta kabla wiki haijaisha. Kwa hiyo nitaandika kirefu, nivumilie.

Tuanze na hesabu ambayo muuzaji hakukufanyia. Miliwati moja inakupa desibeli 112, na hiyo ni sauti ya kuumiza. Ukisikiliza kwa desibeli 80 umeshatosheka. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema desibeli 80, saa 40 kwa wiki, usizidishe. Kutoka 112 kushuka hadi 80 ni desibeli 32, na kila desibeli 10 unazoshuka unaigawa nguvu kwa kumi. Ukifika mwisho umebaki na miliwati 0.0006 hivi. Kwa upande wa voliti ni kama milivoliti 3. Ampu yako ya 500 ina nguvu mara karibu laki nane ya hiyo. Ni kukodi Fuso kubebea kiberiti.

Utasema nguvu ya ziada haina madhara, si ninapunguza tu sauti? Hapo ndipo nilipoliwa.

Zangu ni Shure SE846, nilizichukua mtumba kwa binamu yangu aliyerudi kutoka Muscat. Ni omu 9, desibeli 114 kwa miliwati, na kila sikio lina draiva nne (vispika vya ndani) za amecha (ndiyo, neno lilelile la mafundi wa kusuka mota). Ni kali kuliko hata zako. Ampu nikaifunga mgongoni mwa simu kwa raba mbili, nikajiona mtaalamu.

Siku tano sikugundua kitu. Chumbani kwangu feni haizimwi na ng'ambo ya barabara kuna baa. Usiku wa sita umeme ukakatika. Feni ikajivuta, ikasimama. Baa nayo ikanyamaza kabla hawajawasha jenereta. Muziki nilikuwa nimeusimamisha, iafoni ziko masikioni. Nikasikia shhhh, nyembamba, isiyokatika, kama mtu anapeta mchele kwenye ungo nyumba ya pili. Nikazungusha kitufe cha sauti hadi sifuri: ipo. Nikachomoa waya wa simu: bado ipo. Nikazima ampu: kimya.

Kila ampu inatoa kelele yake kidogo hata ikiwa haichezi chochote, na kelele hiyo mara nyingi haipungui ukishusha sauti. Watengenezaji waungwana huiandika kwa mikrovoliti. Kwa iafoni zako, mikrovoliti 1 inafika sikioni kama desibeli 10, huisikii. Mikrovoliti 3 ni kama desibeli 20. Utaisikia usiku ukitega sikio. Mikrovoliti 10 ni desibeli 30, sawa na chumba cha kulala kilichotulia, na hapo kila wimbo wa taratibu utakuwa na ungo nyuma yake. Karatasi ya ampu yangu iliandika 10. Nilikuwa nimeiona kabla ya kununua, ila sikujua inanihusu nini.

Kasoro ya pili ni kitufe. Kwa sababu ampu ilikuwa na nguvu kupita kiasi, sauti ninayoitaka ilikuwa pale mwanzoni kabisa mwa mzunguko, kama upana wa punje ya mahindi. Vitufe vya kuzungusha vya bei ya kawaida havina uaminifu pale chini, kwani upande mmoja huamka kabla ya mwenzake. Sikio la kushoto likawa linaimba, la kulia limelala. Nikiongeza kidogo wote wawili waamke, ni kelele. Nikapeleka swichi ya geini (kiasi ambacho ampu inakuza sauti) kwenye L, yaani chini, ikasaidia nusu. Kwa hiyo ukinunua chochote, hakikisha kina geini ya chini kwelikweli, au sauti yake inapangwa kidijitali kwa hatua ndogondogo.

Ya tatu ilinikuta kwenye daladala. Nimefunga ampu mgongoni mwa simu, simu imeshuka kwenye mtandao wa 2G, na kila meseji ikikaribia: didididi-didididi masikioni, nikaruka hadi konda akanitazama. Simu ya GSM hurusha mawimbi kwa mapigo, mara 217 kwa sekunde, na waya mfupi kati ya simu na ampu unayadaka kama antena. Ukiona picha za watu wamebananisha ampu na simu kwa raba, zinapendeza, lakini muulize mwenye picha kama huwa anapokea muamala.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa: ukinzani wa ampu yenyewe pale inapotolea sauti. Rafiki yangu tunayefanya naye mitambo ya kanisani alinipa yake nijaribu. Ilikuwa kimya safi, lakini nyimbo ninazozijua ndani nje zilibadilika sura, mwimbaji amesogea, besi si ile. Sababu ni kwamba iafoni za amecha hazina omu moja. Zile omu 9 ni kwenye masafa fulani tu, kwingine zinapanda, kwingine zinashuka. Chukulia iafoni yenye omu 5 kwenye noti moja na 15 kwenye nyingine. Ampu yenye ukinzani wa omu 10 itazipa noti hizo tofauti ya desibeli 5 ambayo mchanganyaji wa wimbo hakuiweka. Yenye omu 1, tofauti ni desibeli 1 tu. Kanuni inayotumika ni ukinzani wa ampu usizidi moja ya nane ya iafoni. Aliyeivumisha sana mwaka 2011 ni mwandishi mmoja wa blogu asiyejulikana, aliyejiita NwAvGuy. Kwako ni omu 2, kwangu ni omu 1 na ushee. Kama zako ni za draiva moja ya koili, ile aina ya kawaida, usihangaike sana, kwa sababu omu zake hazichezi kiasi hicho.

Basi ununue nini? Kwanza jaribu kale kaadapta ka Apple ka USB-C kwenda jeki, kale ka dola 9. Usicheke. Kana daki yake ndani (DAC, chipu inayogeuza muziki wa kidijitali kuwa umeme wa sauti), ukinzani wake uko chini ya omu 1 au hapohapo, na toleo la Marekani linatoa voliti 1, la Ulaya nusu voliti. Watu wa hedifoni kubwa wanalikimbia la Ulaya, lakini kwa iafoni zako nusu voliti inazidi desibeli 120. Kwenye simu nyingi za Android kanatoa sauti ndogo kuliko kawaida, watu wanalalamika. Kwetu sisi ni neema, unapata nafasi ya kupandisha na kushusha bila kuruka. Tatizo ni feki, zimejaa. Chomeka kwenye kompyuta uone kifaa kinajitambulisha kwa jina gani, na angalia namba ya modeli kwenye waya: A2049 ni ya Marekani, A2155 ni ya Ulaya.

Pili, kama ampu umeshainunua na hairudishwi, usiweke rezista moja kwenye waya kama wanavyoshauriana watu. Kelele itapungua, ila umeongeza ukinzani, umerudi kwenye ugonjwa wa ile ampu ya rafiki yangu. Tumia rezista mbili kwa kila upande: ya omu 10 kwenye njia ya sauti, kisha ya omu 1 kati ya njia hiyo na waya wa kurudia, iafoni ikae sambamba na hii ya omu 1. Kelele na muziki vyote vinashuka kwa zaidi ya desibeli 20, unapandisha kitufe hadi pale kinapokuwa na akili, na iafoni inaona ukinzani usiofika omu 1. Kampuni ya iFi wanauza kifaa cha kazi hiyo, IEMatch. Mimi nilinunua rezista nne za robo wati Kariakoo kwenye duka la vipuri vya redio, nikachomea ndani ya kikopo cha bati cha dawa ya kuchua. Kikopo bado kinanukia, lakini ule ungo sijausikia tena.

Vya bluetooth sitaviongelea sana. Ninayo Qudelix-5K, daki na ampu ndogo ya bluetooth, ina modi ya voliti 1 na ya 2. Kaa kwenye 1. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba simu inabaki mfukoni, mbali na waya, na ikwalaiza yake ni nzuri.

Ukienda dukani, usijaribu kwa muziki. Pale barabarani kuna honda na spika za matangazo, utadanganyika. Omba uingie nao stoo au kwenye gari vioo vimefungwa, vaa iafoni zako mwenyewe, washa ampu bila kucheza kitu, kaa nusu dakika. Kisha cheza wimbo kwa sauti ya chini kabisa unayoweza kuisikia, uone kama masikio yote mawili yamo. Muuzaji akikuona mwendawazimu, poa tu.

Ile ampu yangu ya laki mbili na themanini sikuitupa. Inaendesha hedifoni kubwa za Sennheiser HD 600 za zamani tulizonazo kule kanisani, omu 300, desibeli 97 kwa voliti moja. Mikrovoliti zilezile 10 kwenye hizo zinaangukia chini ya desibeli sifuri, na kitufe kinakaa katikati kama kilivyokusudiwa.