Fundi akikwambia "msingi", muulize unaishia wapi

Mkuu, hiyo advansi usiitume kwanza. Unasema fundi kakupa bei ya "msingi mpaka boma", yaani mpaka kuta kabla ya paa, kwenye kiwanja chako cha Chanika, mmekubaliana kwa simu, Jumatatu anaingia saiti, na sasa ndiyo unauliza jamvi ni nini, lenta, mkanda, kenchi, blandaringi, na bati geji ngapi. Yaani umeshanunua ndipo unauliza umenunua nini! Nimesoma tumbo likanikata, maana hapo hapo ndipo nilipopigwa mimi, Goba, kiwanja cha mteremko.

Niliambiwa "msingi". Kichwani mwangu msingi ni kila kitu kilicho chini ya ukuta: unachimbwa, unajengwa, unajazwa, unamwagwa zege, unasimama juu unapiga picha unawarushia ndugu. Kwa fundi wangu msingi ulikuwa mtaro, zege la chini na kozi za tofali, yaani ile mistari ya tofali inayopandana. Basi. Upande wa bondeni ukuta ulinipita kichwa, ndani shimo tupu, naye ananawa mikono: "Bosi, msingi tumemaliza, sasa tuongee kifusi, mkanda na jamvi." Tuongee! Hela ya boma yote ilizama kwenye lile shimo. Malori yalipishana mpaka dereva mmoja akawa ananiulizia hali ya watoto.

Na kwa kuwa mfuko ulishatoboka, kifusi kikamwagwa chote kwa mkupuo. Kifusi huwekwa tabaka kwa tabaka, kama sentimita 15 hivi, unamwagia maji, unashindilia, ndipo unaweka tabaka jingine. Jamvi ni zege tu, mara nyingi la inchi 4, limelala juu ya hicho kifusi. Kikititia, nalo linakwenda nacho. Langu limetitia sebuleni. Marumaru zinagonga ukikanyaga. Wageni nawaambia nimefunga kengele ya wezi.

Aliyenipeleka kwa fundi huyo ni "injinia" mmoja wa kijiweni, anayekadiria nyumba nzima kwa macho akiwa ameshika kikombe cha kahawa. "Msingi ni msingi mwanangu, usimchoshe fundi kwa maswali." Mimi nikatii! Nilipompigia kuhusu kifusi akanijibu kwamba mteremko nilitakiwa kuuona mwenyewe. Yeye mpaka leo ni mpangaji.

Kwa hiyo kila neno analotamka fundi liandikwe linaanzia wapi, linaishia wapi, na vifaa ni vya nani. Msingi: kozi ngapi, mkanda (lile zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta za msingi) upo au haupo na nondo za milimita ngapi, kifusi analeta nani, anashindilia nani, jamvi limo au halimo. Usiniambie kiwanja chako ni tambarare, hata tambarare kinakula kifusi. Boma nalo, linaishia kwenye lenta au linapanda mpaka usawa wa kupaua? Lenta ni lile zege lenye nondo linalopita juu ya milango na madirisha, na juu yake bado kuna kozi za kujenga. Hizo kozi ndizo zitakazokujia kama hesabu mpya, ukiwa umeshamaliza hela. Na hiyo bei aliyokupa, ni ya ufundi peke yake au na saruji imo? Hukusema, na nina wasiwasi hata hukumuuliza. Akikwambia "hayo mbona yanajulikana mkuu", hayajulikani, aandike. Akinuna, anune sasa kabla jembe halijagusa ardhi.

Kenchi ni zile fremu za mbao za paa, blandaringi ni mbao za kupigilia dari, huko bado hujafika. Bati geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, usidanganyike na ukubwa wa namba. Wewe mpigie fundi sasa hivi, umuulize kifusi ni cha nani, halafu uje utuambie kajibu nini.