Mwalimu, Ondoa Mkono Kwenye Chungu cha Mwanafunzi

Wiki iliyopita, saa tano usiku, nilipata ujumbe kutoka kwa mwanafunzi wangu. Siku mbili kabla alikuwa ameuza chungu chake cha kwanza kwenye maonyesho madogo tuliyofanya uani kwangu, Mbezi. Nilikuwa nimempongeza kwenye kundi letu la WhatsApp, picha nikaweka, makofi yakamiminika. Nikajua anashukuru.

Aliandika hivi: "Mwalimu, asante kwa yote. Ila kile chungu si changu. Mimi nilifanya kitako. Tumbo ulilinyoosha wewe, shingo wewe, mdomo wewe. Mnunuzi nimemrudishia hela yake."

Sitaficha, nilikasirika. Miezi saba ya kila Jumamosi, udongo wangu, kuni zangu, chai yangu ya saa nne, halafu ananijibu hivi? Niliandika jibu refu, nikalifuta. Nikaandika jingine, nikalifuta. Kulipokucha nilikuwa nimekaa jikoni nikimkumbuka bibi.

Asili yangu ni Kyela. Wafinyanzi wa Kikisi wa Ikombe, pale kando ya Ziwa Nyasa, hawahitaji mtu wa kuwatangaza. Vyungu vyao husafiri kwa mtumbwi hadi mnada wa Jumamosi wa Lyulilo, Matema, na kutoka pale hupanda magari kwenda mbali. Mwaka 2004 nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa yale yasiyosimuliwa, mama alinipeleka kwa shangazi yake, ambaye mimi ni mjukuu wake, nikae naye "upate akili".

Bibi alifinyanga akiwa amekaa chini, miguu kainyoosha, chungu kimekaa juu ya gae pana. Mkono mmoja unazungusha gae, mwingine unapandisha ukuta wa udongo. Akishapandisha, anakwangua kwa gunzi la mahindi. Hakuna mashine wala kipimo, na mdomo unatoka duara utadhani umechorwa kwa bikari.

Siku ya kwanza alinipa bonge la udongo, akageukia kazi yake. Basi. Nilisubiri anifundishe hadi jua likazama. Chungu changu kilipinda kama mlevi. Alikitazama, akaguna "mm", akakibonyeza kwa kiganja kikawa chapati, akarudisha udongo kwenye rundo. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Hakuwahi hata mara moja kuuweka mkono wake kwenye kazi yangu ili kuinyoosha. Kama ni kukivunja, atakivunja. Kukirekebisha, hapana. Nilimchukia bibi wa watu, Mungu anisamehe.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa kuponda na kuponda. Ninachokumbuka ni Jumamosi moja Lyulilo, mama mmoja akainua chungu kidogo kutoka rundo letu, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Chungu chenye ufa hutoa sauti butu, kizima hulia. Kile kililia. Akalipa, akaondoka nacho, na bibi akanipa noti yote bila kukata hata shilingi. "Chako," alisema. Nilivimba kichwa hadi mvua za mwaka ule zilipokatika!

Kilichoniharibu ni chuo. Sitakitaja. Kulikuwa na mwalimu mwenye mikono mizuri kweli, gurudumu likizunguka mbele yake udongo unainuka wenyewe. Lakini hakuweza kuona chungu kilichopinda akakiacha. Alipita meza kwa meza, dole gumba hapa, kiganja pale, "unaona sasa?" Sote tulikuwa tunaona. Hakuna aliyekuwa anafinyanga. Nilipomweleza kuhusu bibi, alicheka, akasema vile ni vyombo vya jikoni, si sanaa. Darasa zima likacheka. Ni miaka mingi sasa, lakini nikisikia neno "jikoni" likitamkwa kwa pua namna ile, masikio bado huniwaka moto. Nikamaliza na alama A, kwa chungu ambacho mdomo wake haukuwa wangu.

Ningependa mwalimu yule asome hapa. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1950, alikwenda Uingereza kusomea sanaa. Katikati ya miaka ya sabini akaenda Abuja ya zamani, Nigeria, mji ambao sasa unaitwa Suleja, akajifunza kwa wanawake wafinyanzi, akiwemo Ladi Kwali, yule ambaye picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Kwa vyungu vyake vya asili, Ladi Kwali hakuzungusha chungu. Yeye ndiye aliyekizunguka chungu, hatua kwa hatua, kinyumenyume, huku akipandisha ukuta. Odundo hadi leo hufinyanga kwa mkono, husugua hadi udongo ung'ae, na vyungu vyake vimekaa kwenye majumba makubwa ya makumbusho. Jikoni, eti.

Sasa nyinyi mnaoniandikia kila wiki kuuliza muanze na gurudumu gani: msinunue gurudumu. Hela hiyo weka. Chukua udongo, ukande, ufinyange kwa mkono mwaka mzima, uvunje. Changanya mchanga au unga wa vigae vilivyotwangwa, chungu kiuvumilie moto. Kausha kivulini, taratibu. Kabla ya kuchoma, weka chungu shavuni. Ukihisi ubaridi bado kina maji, na maji yale yakigeuka mvuke ndani ya tanuri chungu kitapasuka na kuvunja majirani zake. Nilipoteza vyungu 14 kati ya 20 kwa sababu mteja alikuwa na haraka nami nikaichukua haraka yake. Na ukishachoma usifungue tanuri kwa pupa. Kwenye nyuzi joto 573 mchanga ulio ndani ya udongo hubadilika ukubwa ghafla, na wakati wa kupoa utasikia "ti!", kazi ya wiki tatu imekwenda. Subira. Nitarudia: subira.

Na nyinyi mnaofungua madarasa, maana naona sasa kila mtaa una darasa, hebu tusemezane. Waswahili walisema udongo uwahi ungali maji, na walimu tumeuchukua msemo ule kama ruhusa ya kutia mikono. Mwanafunzi akikunja uso tu, tumeshamnyang'anya. Tunasema tunamsaidia. Tunasaidia picha zetu za mtandaoni! Mzazi akija kumchukua mtoto tunataka aone chungu kilichonyooka, alipe ada ya mwezi ujao. Mimi nimefanya hivyo, nimelipwa kwa kufanya hivyo. Mpe udongo, muoneshe kwa udongo wako mwenyewe, mikono yako irudi nyuma. Kipinde. Kianguke. Aulize, ndipo ujibu, na ujibu kwa mdomo.

Jumamosi hii nilikaa saa mbili nzima nimejifunga mikono kwenye khanga. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alitengeneza kitu ambacho sijui ni chetezo au ni kiatu. Mama yake alinitazama kwa jicho la "hela yangu inakwenda wapi". Nikanyamaza.

Yule kijana nimemwomba radhi. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna, na Jumamosi hakuja. Chungu mnunuzi alikirudisha. Kiko dirishani kwangu, kizuri, mdomo duara kabisa. Yeye hakitaki, mimi siwezi kukiuza. Watu wawili wameshaniuliza bei. Nimetia magunzi humo.