Mnaoanza kusoma historia ya madaktari wa mifugo India ya mkoloni, pitieni hapa kwanza

Wengi mnachagua India ya Waingereza kwa sababu makaratasi yapo, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka ripoti kibao za idara ya mifugo mtandaoni bure. Karibuni sana. Ila msikimbilie majedwali.

Jedwali la vifo ndo linawaponza wengi. Ng'ombe wakifa kwa sotoka (ugonjwa wa virusi wa ng'ombe, ndo hiyohiyo iliyowamalizia Wamaasai ng'ombe miaka ya 1890) taarifa haitoki kwa daktari, inatoka kwa mzee wa kijiji au karani wa ardhi, inazunguka ofisi za wilaya ndo inafika idarani. Kwahiyo ukiona vifo vimepanda ghafla usianze kuandika mlipuko mkubwa, pengine mwaka huo wazee wamebanwa tu waripoti. Halafu mwaka wa ripoti unaishia 31 Machi, na mipaka nayo inahama: Bengal iligawanywa 1905, ikaunganishwa tena 1912 huku Bihar na Orissa zikitolewa, sasa mtu anachora grafu moja ya Bengal toka 1900 mpaka 1920 anashangaa mstari unarukaruka.

Pia ulizeni huduma iliwekwa kwa ajili ya nani. Shule ya mifugo ya jeshi ilianza Poona 1862, kwa ajili ya farasi. Tume ya sotoka ikatoa ripoti 1871, hali ya ng'ombe ikajulikana, na bado idara ya kiraia ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1890, tena ikabebeshwa na kuzalisha farasi mpaka jeshi lilipoichukua kazi hiyo 1903. Ng'ombe wa kulimia wa mkulima yuko nyuma ya foleni.

Kwenye sindano kaeni muda mrefu kidogo. Maabara ilianzishwa Poona 1889, ikahamishiwa Mukteswar, milimani Kumaon kaskazini mwa India, zaidi ya mita 2,000 juu, kwenye baridi na mbali na mifugo ya watu ili ugonjwa usitoroke. Kuanzia 1899 ikatengeneza seramu ya sotoka, yaani maji ya damu ya mnyama ambaye tayari ana kinga. Shida ni kwamba kinga hiyo haidumu, ni wiki moja mbili hivi, kwahiyo inafaa pale tu ugonjwa umeshaingia. Sasa piga picha, mzee aripoti, wilaya itume telegramu, kama hakuna akiba karibu chupa zishuke mlima mpaka stesheni ya Kathgodam, zipande treni, halafu msaidizi wa mifugo, Mhindi mwenye mshahara mdogo na eneo kubwa ajabu, ndo afike kijijini. Sotoka haimsubiri.

Ndo maana ripoti zikisema wanakijiji walikataa sindano kwa ushirikina msimeze tu. Mtu aliyeona ng'ombe kachomwa, halafu miezi michache mbele kafa kwa sotoka ileile, ana sababu ya kugoma. Na njia ya kuchoma seramu pamoja na damu yenye virusi ilileta kinga ndefu kweli, ila ng'ombe wengine waliugua, na damu hiyo ingeweza kubeba magonjwa mengine. Kuua ng'ombe wagonjwa kama Uingereza ya 1865 nako kulikuwa kugumu, kuna dini, na fidia nani angelipa? Mambo yalianza kubadilika J.T. Edwards, mkuu wa maabara ya Mukteswar, alipopitisha virusi kwenye mbuzi, 1927, ikapatikana chanjo ya bei rahisi na ya kudumu.

Baada ya sheria ya Serikali ya India ya 1919 huduma zilikabidhiwa mikoa, kwahiyo usitafute kila kitu kwenye mafaili ya serikali kuu. Ongeza na ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Kilimo ya 1926 hadi 1928, humo watu wanaongea kidogo bila kuremba kama kwenye ripoti za mwaka. Mimi ningeanza na Punjab, ina chuo cha Lahore toka 1882 na shamba la ng'ombe la Hissar, makaratasi yamejaa, halafu ndo nichukue mkoa wenye wafanyakazi wachache nilinganishe.