Kisima cha mafuta kikiacha kutoa chenyewe, pampu ipi inafaa?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu wako anaisifia sana pampu ya umeme ya kuzamishwa, ilhali kwenye video za Texas unaona zile mashine za kuinama na kuinuka tu, na ipi ingefaa visima vya mafuta vya Lokichar, kule Turkana, Kenya. Nimekaa miaka tisa kwenye visima vya kusini mwa Oman, nakujibu kwa niliyoyashika kwa mikono yangu.

Anza na uzito. Maji yenye kina cha mita 10 yanakandamiza kwa takriban bari 1 (bari ni kipimo cha mgandamizo). Kisima cha mita 1,000 kikijaa maji, chini kabisa kuna kama bari 100. Mwamba ukibakiwa na bari 80, maji yatapanda mita 800 hivi, yasimame hapo. Mafuta ni mepesi kidogo, lakini visima vikizeeka vinatoa maji mengi kuliko mafuta. Basi ama uyasukume kwa pampu, ama uingize gesi ndani ya bomba ili mchanganyiko uwe mwepesi upande wenyewe.

Ipi bora? Niambie kwanza kisima kinatoa nini. Mafuta mazito yenye mchanga, mimi nachukua pampu ya skrubu, ile aliyoibuni Mfaransa René Moineau: chuma kilichosokotwa kinazunguka polepole ndani ya mpira. Inavumilia mchanga, ila ikizunguka kavu mpira unaungua mara moja. Na ikizimwa, usiisogelee. Vyuma virefu vinavyoizungusha vinakuwa vimejisokota kama kamba, vikijiachia vinarudi kinyume kwa kasi ya kuua mtu kama breki ya juu ni mbovu. Mashine ya kuinama inafaa kisima kinachotoa kidogo, na fundi yeyote mzuri anaitengeneza akiwa juu ya ardhi.

Pampu ya umeme, aliyoianzisha Armais Arutunoff, inanyanyua maji mengi kweli, hapo mwalimu wako hajakosea. Lakini mota yake iko chini kisimani na inapozwa na majimaji yanayopita ubavuni mwake. Hili nililijifunza kwa hasara. Kisima kimoja uzalishaji ulishuka, msimamizi akaagiza tuongeze kasi, na mimi ndiye niliyeiongeza. Ampea, yaani kipimo cha umeme unaoingia kwenye mota, zikaanza kucheza, zinashuka, zinapanda, kama pumzi za mgonjwa wa pumu. Ile ilikuwa gesi inaingia kwenye pampu kwa sababu majimaji yamekwisha juu yake. Usiku wa tatu mota ikafa. Tulingoja rigi, mtambo wa kuinulia vifaa kutoka kisimani, wiki tano. Ilipotolewa, ganda la kebo lilikuwa limeyeyuka na kugandia chuma, na mafuta ya mota meusi tii, yananuka kama nywele zilizoungua.

Tangu siku ile sigusi kasi kabla ya kupima kina cha majimaji. Unafyatua gesi kidogo kwenye nafasi iliyo kati ya bomba la nje na la ndani, kipaza sauti kinasikiliza mwangwi. Kila kiungo cha bomba kinarudisha mlio mdogo, na kipande kimoja ni kama mita 9.5, kwa hiyo unahesabu viungo mpaka ufike kwenye mwangwi mkubwa, ambao ndio uso wa majimaji. Ukiukuta umekaribia pampu, punguza kasi, hata bosi akikasirika. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo cha kwanza ambacho kila mwanafunzi wa petroli angefundishwa, kabla ya kukariri majina ya pampu.

Sasa Lokichar. Mafuta ya kule yana nta nyingi; yale ya majaribio yaliyoanza kwenda Mombasa kwa malori mwaka 2018 yalibebwa kwenye matangi ya kutunza joto ili yasigande. Gesi ya kunyanyulia ningeiogopa, kwa sababu ikitanuka inapoa, na ubaridi unaigandisha nta kwenye bomba. Mota ya umeme angalau inaongeza joto. Ila sichagui kwa hilo peke yake. Tafuta joto ambalo mafuta ya kisima chako yanaanza kugandia, gesi inayotoka nayo, kiasi cha mchanga, na kina cha majimaji kisima kikiwa kinafanya kazi. Ukipata hivyo vinne vilete hapa, tukae tupige hesabu pamoja.