Ngozi Yenye Mafuta Nayo Huona Kiu

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Langoni, Lamu. Ifikapo adhuhuri uso wangu hung'aa kwa mafuta, nami huuosha kwa sabuni ya kipande mara nne au tano kwa siku. Usiku hupaka mafuta ya nazi. Hata hivyo, paji la uso limejaa chunusi, na mashavu yananibana na kutoa magamba. Jirani ananishauri ninunue krimu ya kung'arisha. Je, ngozi yangu ni ya aina gani, na nitumie nini?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Una matatizo mawili kwa pamoja, na kila unalolifanya kutibu moja linalichochea jingine. Mafuta ya ngozi ni kitu kimoja, na maji ya ngozi ni kitu kingine. Mafuta hutolewa na tezi ndogo zilizo kando ya vinyweleo, ambazo ni nyingi zaidi kwenye paji la uso, pua na kidevu. Maji yamo ndani ya ngozi yenyewe, na huzuiwa yasipotee na tabaka la juu kabisa, ambalo ni jembamba kuliko karatasi. Tunaposema ngozi ya mafuta, ngozi kavu au ngozi mchanganyiko, tunazungumzia wingi wa mafuta hayo tu. Ndiyo maana ngozi yaweza kung'aa huku imekaukiwa na maji, na hiyo ndiyo hali yako.

Tazama ukuta wa nyumba yoyote kongwe ya mji wako, uone jinsi mawe ya matumbawe yalivyoshikwa kwa chokaa. Tabaka hilo la juu limejengwa vivyo hivyo. Mawe ni seli zilizokwisha kufa, zilizopangana kiasi cha safu 15 hadi 20, na chokaa ni mafuta ya namna yake, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambayo hutengenezwa na seli za ngozi zenyewe wala si na zile tezi. Sabuni ya kipande ina alkali ya pH 9 hadi 10 (pH ni kipimo cha asidi na alkali, na 7 ndiyo katikati), ilhali uso wa ngozi una asidi kidogo, karibu pH 5. Kila unapoosha uso kwa sabuni hiyo unakwangua chokaa, na maji hupenya nje kupitia nyufa. Tezi za mafuta huendeshwa na homoni, hivyo hazipunguzi kazi kwa kuwa umeosha uso. Baada ya saa chache uso unang'aa tena, na ukuta umezidi kubomoka.

Kuhusu mafuta ya nazi, najua ninagusa kitu kinachopendwa majumbani kwetu. Kwa mikono, miguu na mwili mkavu ni mafuta mazuri, nami nayatumia. Kwa uso wenye chunusi ni mazito, na huchangia kuziba vinyweleo ambavyo tayari vimejaa.

Osha uso mara mbili tu, asubuhi na usiku, kwa kisafishio laini cha uso kisicho na manukato. Adhuhuri, ukitoka jasho, maji matupu yanatosha. Uso ukiwa bado na unyevu, paka losheni nyepesi yenye gliserini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia ndani ya tabaka la juu. Kwenye mashavu, hadi magamba yatakapokwisha, ongeza utando mwembamba wa vaselini ili maji yasitoroke. Ngozi ikitulia, baada ya kama wiki mbili, anza asidi ya salisiliki ya asilimia 2 kwenye paji la uso, usiku mmoja upake, unaofuata upumzike. Asidi hii huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo huweza kuingia hadi ndani ya kinyweleo kilichoziba. Ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku mbili tatu. Seli za ngozi huchukua takriban wiki nne kupanda kutoka chini hadi juu, basi usiihukumu dawa kabla ya wiki sita hadi nane. Wala usilipie krimu ya kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, ukitumaini itajaza ngozi kutoka ndani: molekuli iliyozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya ngozi nzima kwa shida sana, na kolajeni ina daltoni zipatazo 300,000.

Krimu ya kung'arisha, nakusihi, usiinunue. Katika mikorogo ya aina hiyo hupatikana zebaki, ambayo huharibu figo. Au haidrokwinoni, kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, ambayo ikitumiwa muda mrefu yaweza kuacha weusi wa rangi ya samawati usiofutika kwa urahisi. Au steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe, ambazo huondoa chunusi kwa wiki chache na kisha kuzirudisha kwa wingi, ngozi ikiwa imekonda. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla peke yake; amwone daktari.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Malindi, na ngozi yangu ni nyeusi sana. Je, nahitaji losheni ya kukinga jua?

JIBU: Ndugu yangu, melanini yako, yaani ile rangi inayoifanya ngozi kuwa nyeusi, ni kinga ya kweli, lakini ina mpaka. Vipimo vimeonyesha kwamba ngozi nyeusi hukinga kwa kiwango cha wastani kama cha losheni ya SPF 13 (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua inayounguza), ilhali wataalamu hupendekeza SPF 30, ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza. Wewe unapigwa na jua la karibu na ikweta, na sehemu ya miale hurudishwa na maji. Fulana ya mikono mirefu na kofia pana vitakufaa kuliko losheni, ambayo jasho na maji ya chumvi huiondoa na hubidi ipakwe upya kila saa mbili. Ipake usoni, masikioni na shingoni. Saratani hatari ya ngozi, kwa watu weusi, mara nyingi hujitokeza mahali pasipopigwa na jua, hivyo kagua nyayo, viganja na chini ya kucha, na ukiona doa jeusi linalokua au kidonda kisichopona, nenda hospitali mapema.